Misri ya Kale na Ukristo wa Awali: Mshabaha na Asili katika Masimulizi ya Hukumu ya Wafu

Hekalu la Serapis mjini Iskanderia lilipobomolewa, mnamo mwaka wa 391 au 392 B.K., mawe yake yalionekana kuchorwa alama zilizofanana na msalaba. Mwanahistoria Socrates wa Constantinople, aliyeandika takriban miaka hamsini baadaye, anasimulia kwamba Wakristo na wafuasi wa dini ya kale waliigombania alama hiyo papo hapo. Wakristo walidai kuwa ni ishara ya mateso ya Kristo. Wenzao wakashikilia kuwa ni alama waliyoshiriki Kristo na Serapis, kila mmoja kwa maana yake. Hatimaye baadhi ya waongofu waliojua kusoma hiroglifu wakaeleza kwamba maana yake ni uhai ujao, na Wakristo wakaifurahia mno tafsiri hiyo. Yaelekea alama yenyewe ilikuwa ankh, ambayo Wamisri walikuwa wakiiandika kwa maana ya uhai tangu zaidi ya miaka elfu tatu kabla ya siku ile.

Kisa hiki kinabeba kiini cha mjadala ambao haujakwisha hadi leo. Wabishi wa Iskanderia hawakutofautiana juu ya umbo la ile alama. Walitofautiana juu ya maana yake, na aliyelikata shauri alikuwa msomaji, tena msomaji aliyelelewa katika dini moja akahamia nyingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uhusiano wa dini ya Misri ya kale na imani za Wakristo wa awali ni wa kweli, ila mara nyingi hutafutwa mahali pasipo pake. Hutafutwa katika asili, kana kwamba maisha ya Yesu yalinakiliwa kutoka kwa Horus au Osiris. Ushahidi wa matini unatupeleka kwingine: kwa wasimulizi, wafasiri na wasomaji wa bonde la mto Nili, ambao waliupokea Ukristo kwa lugha iliyokwisha kujaa wafu, mizani na mahakimu. Tutajifunga zaidi kwenye masimulizi ya hukumu ya wafu, kwa kuwa huko ndiko matini za pande mbili zinakokaribiana kuliko kwingine kokote.

Kwetu sisi tulio katika vyuo vikuu vya Afrika, suala hili si udadisi mtupu. Tangu Cheikh Anta Diop alipochapisha Nations nègres et culture mwaka wa 1954, na hasa baada ya kitabu cha Yosef ben-Jochannan cha mwaka wa 1970 kuhusu asili ya Kiafrika ya dini kuu za Magharibi, Misri imekuwa ngome ya hoja yetu dhidi ya wale waliodai kwamba bara hili halikuwa na dini wala falsafa mpaka lilipoletewa. Hoja hiyo ina haki yake. Lakini ngome iliyojengwa kwa matofali mabichi huwaangukia walinzi wake, na mwanafunzi anayesimama darasani kutaja ithibati zisizokuwapo humpa mpinzani ushindi wa bure. Tena lipo baya zaidi. Mlinganisho wa aina hiyo huigeuza Misri kuwa ghala la malighafi ya hadithi ya watu wengine. Matini zake zenyewe hazisomwi, zinachunguliwa tu ili kuona kama Yesu yumo.

Tatizo la orodha

Orodha ya mishabaha inayosambaa zaidi inatokana kwa sehemu kubwa na Gerald Massey, mshairi Mwingereza aliyejifunza elimu ya Misri kwa juhudi zake mwenyewe na kufariki mwaka wa 1907. Ilihuishwa tena na Tom Harpur wa Kanada katika The Pagan Christ (2004). Kwa muhtasari, orodha hudai kwamba Horus alizaliwa na bikira tarehe 25 Desemba, akawa na wanafunzi kumi na wawili, akasulubiwa, kisha akafufuka.

Hatuhitaji kukaa hapa kwa muda mrefu. Hakuna matini ya Kimisri inayomsulubisha Horus wala kumpa mitume kumi na wawili. Madhara yanayompata utotoni, kwa mujibu wa maandishi ya uganga kama yale ya jiwe la Metternich la karne ya 4 K.K., ni kuumwa na nge, naye huponywa kwa maneno ya Thoth. Mimba yake si ya bikira: katika hekalu la Seti wa Kwanza huko Abydos, Isis amechongwa katika umbo la ndege akiuelea mwili wa mumewe aliyekufa, na mchongaji hakuacha nafasi ya shaka juu ya namna mimba ilivyotungwa. Ama tarehe 25 Desemba, Injili hazina tarehe yoyote. Siku hiyo inajitokeza kwa uhakika katika kalenda ya Roma ya mwaka wa 354. Ni kweli kwamba Plutarch anauweka uzazi wa Harpocrates, yaani Horus mtoto, karibu na siku ambazo usiku ni mrefu kuliko zote. Hilo, hata hivyo, hutusaidia kufikiria juu ya sikukuu za Roma ya karne ya 4. Halitusaidii kumfikiria Mathayo wala Luka.

Plutarch mwenyewe anastahili neno. Kisa cha Osiris kama tunavyokisimulia, yaani kaka mwema, sanduku la hila, mwili uliokatwa vipande na mjane anayevikusanya, hakipatikani kikiwa kizima katika matini yoyote ya Kimisri iliyotufikia. Maandishi ya Piramidi, ambayo ya kwanza yalichongwa katika piramidi ya Unas yapata mwaka wa 2350 K.K., yanakitaja kwa vidokezo tu, kama mtu anayeongea na wenzake waliokwisha kukijua. Wimbo mrefu wa Osiris ulio katika jiwe la Amenmose unapita kando ya mauaji bila kuyaeleza. Huenda kuliandika tukio hilo baya kulionekana kuwa ni kulipa nguvu. Simulizi kamili tuliyo nayo iliandikwa kwa Kigiriki mwanzoni mwa karne ya 2 B.K., na Mgiriki aliyemtolea kitabu chake Clea, kuhani wa kike wa Delphi. Kwa maneno mengine, msomi anayelilinganisha simulizi la Injili na "kisasili cha kale cha Osiris" mara nyingi analinganisha vitabu viwili vya Kigiriki vya takriban zama moja. Kufanana kwa utaratibu wa usimulizi kunaweza kutokana na kalamu ya Kigiriki kuliko na Misri.

Lililo imara kuliko kisa ni ibada. Osiris harudi kuishi miongoni mwa walio hai. Anafufuliwa ili atawale wafu. Hata hivyo, kila marehemu aliyefanyiwa mazishi kamili huitwa Osiris: "Osiris fulani", likifuatwa na jina lake. Mtu huvishwa kifo cha mungu ili ashiriki uhai wake. Msomaji wa Waraka kwa Warumi, sura ya 6, ataona ukaribu wa fikra hiyo na mafundisho ya Paulo juu ya kuzikwa pamoja na Kristo katika ubatizo. Ukaribu huo ni wa muundo. Haujathibitishwa kuwa wa ukopaji, kwa kuwa Paulo alikuwa na njia nyingine za kulifikia wazo hilo ndani ya Uyahudi wake mwenyewe.

Nani anasema mbele ya hakimu?

Mshabaha unaotajwa mara chache, nao una nguvu kuliko hiyo yote, uko katika sura ya 125 ya Kitabu cha Wafu. Baada ya kukana dhambi mbele ya mahakimu 42, marehemu anataja mema aliyoyatenda: amempa mkate mwenye njaa, maji mwenye kiu, nguo aliye uchi, na mashua asiyekuwa nayo. Maneno ya aina hiyo yalikwisha kuandikwa katika makaburi ya maofisa tangu enzi ya Ufalme wa Kale. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, mfalme anayehukumu mataifa anataja mambo matatu ya kwanza kwa mpangilio uleule, kisha badala ya mashua anaweka mgeni, mgonjwa na mfungwa.

Tusiharakishe kusema kwamba Mathayo aliinakili Misri. Isaya sura ya 58 na Ezekieli sura ya 18 zinataja mkate wa mwenye njaa na nguo za aliye uchi, na Mathayo aliwasoma manabii hao. Maadili haya yalikuwa mali ya Mashariki ya Karibu nzima. Ile mashua tu ndiyo ya Nili, na ndiyo iliyoachwa.

Kwa mhakiki wa fasihi, jambo la kuzingatia ni nafsi inayosema. Katika matini ya Kimisri anayesema ni marehemu. Ametayarishiwa maneno, yamenunuliwa pamoja na jeneza, naye anayatamka kwa nafsi ya kwanza ili kujitetea. Hofu yake ni kwamba atasalitiwa kutoka ndani: sura ya 30 ya kitabu hichohicho ni dua kwa moyo wake mwenyewe usisimame kuwa shahidi dhidi yake wakati unapopimwa na unyoya wa Maat. Katika Mathayo mwenye haki hana neno la kujitetea. Anayeyataja matendo ni hakimu, na watendaji wanashangaa, hawakumbuki. Orodha ni ileile kwa sehemu kubwa, ila imehama kinywa, na kwa kuhama huko imepindua dhana ya kujijua. Mmisri anaingia mahakamani akiwa na kumbukumbu iliyoandikwa. Mwenye haki wa Mathayo angaliyakumbuka mema yake, mfano wenyewe ungaliharibika. Orodha ya mishabaha inayohesabu mkate, maji na nguo, kisha ikatosheka, haitaliona jambo hili kamwe.

Setne na Lazaro

Mwaka wa 1900 F. Ll. Griffith alichapisha hadithi za makuhani wakuu wa Memphis zilizoandikwa kwa Kidemotiki, yaani mwandiko wa mkato wa Kimisri cha nyakati za mwisho. Shujaa wao, Setne, ni Khaemwaset, mwana wa Ramesses wa Pili, aliyeishi karne ya 13 K.K. na kubakia katika kumbukumbu ya watu kama mganga na mpenda vitabu. Katika hadithi ya pili, Setne akiwa nyumbani kwake anasikia maombolezo. Anatazama chini na kuona jeneza la tajiri likipelekwa makaburini kwa heshima kubwa. Kisha anaona maiti ya maskini iliyoviringishwa katika mkeka, hapana hata mtu mmoja anayeifuata. Anatamka kwamba tajiri amemshinda maskini mbali. Mwanawe, Si-Osire, mtoto wa ajabu, anamwombea apatwe huko Amente, nchi ya wafu, na kile kitakachompata yule maskini. Baba anahuzunika, hajaelewa. Ndipo mtoto anapomshika mkono na kumwingiza katika kumbi saba za wafu.

Humo Setne anamwona mtu ambaye ncha ya mlango, ile inayozunguka tunduni mlango unapofunguliwa, imekitwa katika jicho lake la kulia, naye analia. Ndiye tajiri. Karibu na Osiris amesimama mtu aliyevaa kitani cha kifalme. Ndiye maskini wa mkekani, na kitani alichovaa ni kile alichozikiwa tajiri. Matendo yao yalipimwa, na mizani ikaamua.

Mwaka wa 1918 Hugo Gressmann alitoa hoja kwamba hadithi hii ndiyo chimbuko la mfano wa tajiri na Lazaro katika Luka, sura ya 16, na kwamba Wayahudi wa Iskanderia ndio walioipeleka Palestina. Kwa ushahidi alitaja kisa kilicho katika Talmudi ya Yerusalemu: mwanachuoni mcha Mungu anafariki mjini Ashkelon bila wa kumzika kwa heshima, mwana wa mtoza ushuru Ma'yan anazikwa na mji mzima, kisha katika ndoto mmoja anaonekana bustanini penye chemchemi na mwingine ukingoni mwa mto, anajinyoosha ayapate maji asiyafikie. Hoja ya Gressmann ilikubaliwa na wengi kwa miongo mingi.

Tukiisoma hadithi ya Setne kwa makini tunakutana na vikwazo viwili. Cha kwanza ni tarehe. Nakala pekee tuliyo nayo imeandikwa nyuma ya hati za Kigiriki za mwaka wa saba wa utawala wa Kaisari Claudius, yaani 46 au 47 B.K. Nakala hiyo na Injili ya Luka ni za karne moja. Cha pili ni kwamba hadithi yenyewe si Misri tupu. Katika zile kumbi Setne anawaona pia watu wanaosokota kamba huku punda wakizitafuna nyuma yao, na wengine ambao chakula chao kinaning'inia juu ya vichwa na mashimo yanachimbwa miguuni pao wasikifikie. Hao ni ndugu wa Oknos na Tantalus wa Wagiriki. Msimulizi wa Kimisri alikuwa amekopa kabla hajakopwa. Anayetafuta chemchemi safi hapa atachota maji ya mito kadhaa.

Hata hivyo, mfanano wa visa hivi si wa kubahatisha. Hadithi ya matajiri na maskini waliobadilishana hali baada ya kifo ilikuwa ikizunguka mashariki ya bahari ya Mediteranea, na wasikilizaji wa mfano wa Lazaro yamkini walikuwa wamekwisha kuisikia kwa sura moja au nyingine. Ndiyo maana Richard Bauckham, katika makala yake ya mwaka wa 1991, alishauri tuangalie pale mfano wa Luka unapoachana na wenzake. Luka hana mizani. Hatuelezwi wema wa Lazaro, wala uovu wa tajiri zaidi ya karamu zake za kila siku na ombaomba mlangoni pake. Muhimu zaidi ni mwisho. Tajiri anaomba Lazaro arudishwe kwa ndugu zake watano awaonye, na Ibrahimu anakataa: wanao Musa na manabii. Katika hadithi ya Kimisri kila kitu kinasimama juu ya kule kurudi kunakokataliwa. Si-Osire mwenyewe, tunafunuliwa mwishoni, ni mchawi wa kale, Horus mwana wa Paneshe, aliyemwomba Osiris amruhusu kuzaliwa tena duniani baada ya miaka 1500. Akiisha kutimiza kazi yake anatoweka kama kivuli. Setne anaongoka kwa sababu mfu amemshika mkono. Ndugu watano hawapewi mkono huo.

Kwa maoni yetu hapa ndipo uhusiano unapokuwa wa maana. Mfano wa Luka hauazimi tu hadithi iliyojulikana. Unamnyima msikilizaji kile alichokizoea ndani yake, na asiyeijua hadithi ya kwanza hasikii ukali wa kukataa kwa Ibrahimu.

Amente kwa Kikopti

Ukristo ulipoenea vijijini katika bonde la Nili, Injili zilitafsiriwa kwa Kikopti, ambacho ni Kimisri kilekile kilichoandikwa kwa herufi za Kigiriki na nyongeza chache. Mfasiri wa Kisahidi alipofika mahali ambapo tajiri anayainua macho yake kutoka Hadesi, alihitaji neno. Aliandika Amente. Ni jina lilelile ambalo Si-Osire alilitumia kwa baba yake, jina la Magharibi ambako jua na wafu huteremkia, na lilikuwa na umri wa maelfu ya miaka. Sisi tunaosoma Kiswahili hatuna sababu ya kustaajabu: Tafsiri ya Muungano ya mwaka wa 1952 ilimweka tajiri huyohuyo kuzimu, yaani katika makao ya mizimu, na hakuna aliyedai kwamba kwa kufanya hivyo Luka aliwaiga Wabantu. Lakini pia hakuna awezaye kusema kwamba msomaji wa pwani au wa bara analisikia neno hilo bila kusikia ndani yake wazee wake.

Wasomaji wa Misri walifanya zaidi ya kutafsiri. Luka hampi tajiri jina. Hati ya mafunjo iitwayo P75, ambayo wengi waliiweka mwanzoni mwa karne ya 3 ijapokuwa siku hizi wapo wanaoisogeza hadi karne ya 4, inamwita Neves. Tafsiri ya Kisahidi inamwita Nineve. Ushahidi huu wote ni wa Misri. Kwa watu ambao wafu wao walitakiwa kutajwa kwa jina ili waishi, si ajabu sana kwamba mtu aliyezikwa bila jina alionekana kuwa na upungufu. Hilo, nakiri, ni kisio langu.

Lazima tukumbuke kwamba dini mbili hizi ziliishi jirani kwa muda mrefu. Maandishi ya mwisho ya hiroglifu yenye tarehe inayojulikana yalichongwa Philae mwaka wa 394, ya Kidemotiki mwaka wa 452 hukohuko, na hekalu la Isis halikufungwa mpaka enzi ya Justinian katika karne ya 6. Picha za Isis akimnyonyesha Horus na za Mariamu akimnyonyesha Yesu, ambazo hulinganishwa sana, zinapaswa kuwekwa katika ujirani huo. Mifano iliyo dhahiri ya picha hizo za Mariamu kule Bawit na Saqqara ni ya karne ya 6 na ya 7, kwa hiyo inatueleza habari za wachoraji wa nyumba za watawa wa Kikopti, wala si za Bethlehemu.

Kutoka karne hiyohiyo ya 7 tuna habari za Pisentius, askofu wa Coptos, aliyefariki mwaka wa 632. Maisha yake, yaliyoandikwa kwa Kikopti, yanasimulia kwamba alijitenga akaishi katika kaburi la kale lililojaa maiti zilizokaushwa. Siku moja mwanafunzi wake akasikia sauti mbili humo ndani. Mmoja wa wafu alikuwa amezinduka, anamlilia askofu amwombee. Alieleza kwamba wazazi wake walikuwa Wagiriki waliomwabudu Poseidon, na kwamba alipokufa alichukuliwa hadi Amente na kukabidhiwa watesi wenye visu vya chuma. Askofu alimsikiliza, akamhurumia, kisha akamwamuru alale tena mpaka siku ya ufufuo wa wote.

Mwandishi wa kisa hiki alikuwa Mkristo aliyeijua Injili ya Luka. Alijua kwamba Ibrahimu alikataa kumruhusu mfu aje kuwaonya walio hai. Katika kaburi la Misri, mfu alisema.